Hesabu Siku Kabla Jaji Hajakuhesabia

(Maneno niliyoyasema kwenye kikao cha vijana, Tabora mjini)



Leo sitaongelea tume ya uchaguzi. Naongelea shamba la baba yangu mkubwa.

Aliposhindwa kesi barazani, sheria ilimpa siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu. Mzee akasubiri auze tumbaku apate nauli na hela ya kufungulia. Akaja siku ya 71. Wakili kishoka akamwandikia kiapo: aliumwa. Lini? Hospitali gani? Kimya. Maombi ya kuongezewa muda yakatupwa. Mpinzani wake akavuna.

Nyumbani tuliilaani mahakama, mimi wa kwanza. Baadaye nikasoma, nikaona aibu.

Sheria zetu, ikiwemo Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, zinaruhusu mahakama kuongeza muda ikipewa sababu ya kutosha. Mahakama ya Rufani ilitaja vipimo kwenye maombi ya Lyamuya Construction, Namba 2 ya 2010: eleza kipindi chote ulichochelewa, kisiwe kirefu kupindukia, onyesha ulihangaika, hukuzembea, na kama hukumu yenyewe ina kasoro kubwa ya kisheria, iseme. Hata siku moja inataka maelezo. Na kutojua sheria si sababu.

Mtasema Katiba, ibara ya 107A, inataka mahakama zisifungwe mno na masharti ya kiufundi. Kweli. Lakini ibara hiyohiyo inataka haki isicheleweshwe bila sababu ya msingi. Fikirieni mjane aliyeshinda kiwanja chake, halafu tajiri anarudi baada ya miaka miwili kuomba muda. Mngetaka afunguliwe mlango? Kanuni inayomlinda mjane yule ndiyo iliyomwangusha baba mkubwa.

Hasira yangu iko kwingine. Kabla Kigoma haijapata Mahakama Kuu yake, mtu wa Ujiji alifuata rufaa hapa Tabora, kwenye njia ileile waliyopita wapagazi wa misafara. Leo mahakama zimesogea. Elimu haijasogea. Sheria ya Msaada wa Kisheria ipo tangu 2017. Tangu 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na mahakama. Basi tuidai serikali jambo moja: kila anayeshindwa kesi apewe karatasi, kwa Kiswahili, inayotaja siku yake ya mwisho ya kukata rufaa.

Wakati tunadai, kila tawi lifanye haya. Siku ya hukumu, omba nakala kwa barua, ubaki na kopi yenye muhuri, maana muda wa kusubiri nakala unaweza kutolewa kwenye hesabu. Tunza cheti cha hospitali, tiketi ya basi, risiti. Andika kwenye daftari ulikokwenda na tarehe. Ukishachelewa, peleka maombi leo. Kila siku unayongoja ni siku nyingine ya kujieleza.

Baba mkubwa yule pale nyuma, kavaa kofia. Shamba halijarudi. Ila wiki iliyopita mama mmoja mtaani kwetu kashindwa kesi Mahakama ya Mwanzo, ana siku 30. Mzee ndiye aliyemshika mkono wakaenda kuomba nakala, siku ileile, kabla hata hawajala.