Simama, Mzee
(Hotuba ya mmoja wa wanafunzi wa zamani katika mkutano wetu wa mwaka)



Nimeombwa niseme machache juu ya afya ya uzeeni. Mimi si daktari. Ni mzee aliyeanguka. Wenzangu wa bweni mnanikumbuka nikicheza winga wa kulia. Basi winga huyo, miaka miwili iliyopita, alianguka kwenye ngazi tatu za nyumba yake mwenyewe, mchana kweupe, hapana mvua wala utelezi. Nilivunjika mkono. Lakini kilichoniuma zaidi ni kutambua kwamba miguu ilikuwa imeniacha zamani, nami sikupata habari.

Iliniachaje? Kwa heshima. Tangu nilipostaafu, kila nikitaka kuinuka nilisikia, "Kaa babu, nitaleta." Maji yakaletwa, kiti kikaletwa, hata kuku wangu wakalishwa na wengine. Kweli niliheshimiwa; lakini misuli haijui heshima, inajua kazi. Isipotumika hunywea, na siku mtu akijikwaa haina nguvu ya kumzuia asianguke.

Wako watakaosema tumekwisha chelewa. Hapana. Mwaka 1990 madaktari wa Boston, Marekani, walichapisha habari za wazee 10 dhaifu, wa umri wa miaka 90 hivi, walioishi katika makao ya wazee. Waliwafundisha kuinua uzito kwa miguu kwa wiki 8. Waliomaliza walikuwa 9. Nguvu za miguu yao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174, na wawili wakaacha mikongojo. Huko New Zealand, utafiti uliochapishwa mwaka 1997 uliwahusu akina mama wa miaka 80 na zaidi waliofanya mazoezi majumbani mwao. Walianguka mara chache kuliko wenzao wasiofanya. Na mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya nguvu na ya kuzuia kuyumba siku 3 au zaidi kwa wiki.

Mazoezi yenyewe hayahitaji uwanja. Inuka kitini bila kujishika, ukae polepole, mara 10. Shika ukingo wa meza, inua visigino, vishushe. Simama kwa mguu mmoja, mkono ukiwa karibu na ukuta. Yakiwa mepesi, ongeza. Mwenye kizunguzungu, mwenye maradhi ya moyo, au aliyevunjika karibuni, amwone daktari kwanza. Mimi nilianza kwa kuinuka mara 3 tu, nikihema. Leo kuku nawalisha mwenyewe.

Vijana, neno lenu ni hili. Babu akitaka kuinuka, msimkimbilie kumkalisha. Simameni karibu naye, tayari kumdaka, mkamwache ainuke. Hiyo nayo ni heshima, tena ndiyo itakayomweka nanyi siku nyingi.

Sasa, kabla ya chakula, naomba wazee wote tuinuke bila kushika benchi. Atakayeshindwa asione haya. Amekwisha pata zoezi la kuanza nalo kesho asubuhi.