Rangi Huja Mwisho

Mazungumzo kwa vikundi vya kujisaidia vya Chala, Taveta

 

Mmetuuliza, "Tununue kioo cha rangi gani, tuyeyushe kwa moto wa gesi tutengeneze shanga za kuwauzia wageni wanaokuja kuliona Ziwa Chala?" Swali ni zuri. Lakini sisi pia tulianza na rangi, tukapata hasara. Tulichukua vipande vya kioo kigumu cha maabara, kisicho na rangi, tukavipamba kwa kijani cha chupa. Zilitoka motoni zinapendeza kweli! Asubuhi tukakuta nyingi zimepasuka. Nyingine zilipasukia shingoni mwa mteja. Pesa tulimrudishia, lakini yeye hakurudi tena.

Kosa letu lilikuwa nini? Vioo vina koo. Kioo cha chupa hutengenezwa kwa mchanga, magadi na chokaa. Kile kigumu, kinachoitwa borosilikati, kimetiwa boroni ili kistahimili moto. Vikipata joto, cha chupa hutanuka karibu mara 3 kuliko borosilikati. Vikipoa, kila kimoja huvuta kwake, kama ng'ombe wawili wa jembe moja wanaokwenda njia mbili. Lazima kitu kivunjike.

Basi kanuni ya kwanza: msichanganye koo. Kwa macho vinafanana, kwa hiyo fungeni kila aina peke yake na kuandika jina. Hata chupa za viwanda viwili huenda zisipatane. Ushanga mmoja, chupa moja.

Mchague ukoo gani? Borosilikati haipasuki upesi motoni, na hilo humsaidia anayejifunza. Lakini inataka moto mkali wa gesi pamoja na oksijeni, na vijiti vyake vya rangi vinatoka ng'ambo. Chupa zimejaa mitaani. Kule Kitengela karibu na Nairobi, na kwa watu wenye ulemavu wa karakana ya Shanga, Arusha, kioo kilichotupwa kimekuwa kazi ya mikono. Pigeni hesabu ya mitungi kwanza, kabla ya kugusa pesa za kikundi.

Mkiamua borosilikati, sasa tuje kwenye rangi. Rangi hutoka kwa madini. Hapa Taita Taveta mnajua kijiwe cha kijani cha tsavoraiti: ukijani wake ni wa vanadi na kromi. Kwenye kioo pia kromi huleta kijani, na kobalti huleta bluu. Anzeni na vijiti visivyo na rangi, bluu ya kobalti na kijani kimoja. Hizo hazina maringo. Rangi zenye fedha ndani hugeuka-geuka kulingana na moto: gesi ikizidi oksijeni, huenda zikachafuka. Hizo ziacheni mpaka mkono uzoee.

Nunueni vijiti vichache tu. Tengenezeni ushanga wa majaribio, uwekeni siku kadhaa, kisha mwutazame kwenye mwanga. Ukiwa na ufa, msiuze.

Na kupoza je? Ushanga ukitoka motoni uingie tanuri lenye joto la nyuzi 560 hivi, ukae nusu saa, halafu joto lishuke polepole. Majivu ya moto hupunguza mwendo wa kupoa, lakini hayatoshi kwa bidhaa ya kuuza.

Mwisho, macho. Borosilikati ikiyeyuka hutoa mwanga mkali. Vaeni miwani yenye kioo cheusi cha fundi wa kuchomelea, si miwani ya jua. Fanyeni kazi penye hewa. Vaeni pamba, si nailoni. Mitungi isimame, ifungwe kwa mnyororo.



Ya kuzungumza kikundini:
1. Mitungi na vijiti vitatugharimu kiasi gani kabla ya kuuza ushanga wa kwanza?
2. Nani atakagua kila ushanga kabla haujaenda kwa mteja?