Watoto wa Nasari Tuliowaacha Nyumbani



Nimepewa nafasi niseme juu ya watoto wetu wa miaka minne na mitano walio mashambani.

Mwaka 2003 Serikali ilipoondoa karo katika shule za msingi, watu walishangilia, na ilikuwa haki yao. Lakini nasari haikutiwa katika mpango ule. Ada yake ilibaki palepale. Basi wazazi wengi walipiga hesabu: ya nini kulipia nasari, na darasa la kwanza ni bure? Mama yangu alikuwa mmoja wao. Baba alikuwa mbali kazini, kama sisi leo, na mdogo wangu akakaa nyumbani na mbuzi mpaka umri wa shule.

Alipoingia darasani alikuta watoto wamejaa tele na mwalimu mmoja. Hakujua kushika penseli. Hata kuomba ruhusa aende chooni aliogopa, akajikojolea, wenzake wakamcheka. Alirudia darasa lile, akaitwa mjinga, naye akasadiki. Aliacha shule kabla ya darasa la tano. Ndugu zangu, yule si mjinga: leo hutengeneza pikipiki za kijiji kizima. Lakini barua yake husomewa na mkewe.

Wazee wa enzi za moshi walituambia kwamba injini ya mvuke iliwashwa moto saa nyingi kabla ya safari. Hakuna aliyethubutu kuivutisha mabehewa ikiwa baridi.

Msidhani nataka mtoto akaririshwe A, B, C tangu alfajiri. Hapo twakosea sana, hasa sisi tulio mjini tupendao kuona daftari limejaa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 yakataza shule ya Serikali kumpa mtoto mtihani ili kumkubali au kumkataa. Mtoto wa nasari hujifunza kwa mchezo. Na ahesabu mbaazi na vifuniko vya soda, afinyange udongo mpaka vidole vipate nguvu, asimuliwe hadithi kwa lugha ya mamake. Tena anywe uji. Mwenye njaa hasikii mwalimu.

Nasari nyingi za mashambani zilijengwa na wazazi wenyewe kwa Harambee baada ya 1963. Katiba ya 2010 ilizitia mikononi mwa kaunti, na kaunti zikaanza kazi 2013. Majengo mapya tumeyaona. Je, mwalimu? Yeye haajiriwi na Tume iajiriyo walimu wa shule za msingi. Mwajiri wake ni kaunti, na wengi wamewekwa kwa mkataba. Sisi twajua mkataba ni nini. Yule mama ni mfanyakazi mwenzetu, na akikata tamaa akaenda kuuza nyanya, watoto wetu ndio hubaki na jengo tupu.

Kwa hivyo naomba Katibu aandike barua ya kuwaunga mkono walimu hao katika madai yao. La pili ni letu wenyewe. Ukienda likizo, fika nasari. Uliza mwalimu alilipwa lini, funua sufuria uone kama kuna uji. Mimi na jirani zangu watatu tumekubaliana kila mmoja atoe debe moja la mahindi kila muhula. Atokaye upande wa Kibwezi na ataka kuingia, anione kabla ya zamu ya jioni.