Biashara ya Magari Kwenye Ukanda wa Dhahabu

Baada ya Azimio la Arusha la 1967, uagizaji wa magari Tanzania uliingia mikononi mwa umma, ukasimamiwa na State Motor Corporation. Fedha za kigeni zilikuwa haba. Mnunuzi aliomba kibali, kisha akasubiri. Mlango ulianza kufunguka mwaka 1984, wafanyabiashara waliporuhusiwa kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe. Miaka ya 1990 magari yaliyotumika Japani yakafurika.

Kwenye ukanda wa dhahabu, mgodi wa Bulyanhulu, ulioanza uzalishaji mwaka 2001, ulileta wateja wenye mishahara na wakandarasi wanaotaka Land Cruiser za kuhimili barabara za vumbi.

Siku hizi mteja huagiza gari Japani kwa simu yake. Mwenye yadi ya magari amebaki na nguvu moja kubwa: gari lake linaonekana, injini inawashwa, kadi inakaguliwa. Swali la kwanza huwa "namba gani?", na hapo wengi huumia, kwa kuwa herufi za namba ya usajili huonyesha gari lilisajiliwa lini nchini, si lilitengenezwa lini. Mwaka wa kutengenezwa husomwa kwenye kadi, na ndio ambao Mamlaka ya Mapato (TRA) huutumia kutoza ushuru wa uchakavu.