Jarida la Wawinda Mawimbi

Msikilizaji, ukizungusha redio usiku hapa Nengo, Gisenyi, stesheni za Goma, ng'ambo ya mpaka, zinaingia kama za mtaa wa pili. Kwenye masafa mafupi ndiko kulikopoa. Mitambo ya Deutsche Welle iliyokuwa Kigali, iliyorusha matangazo tangu miaka ya 1960, ilizimwa Machi 2015.

Mitambo ile ilikuwa na mashabiki wa mbali ajabu: watu wa Ulaya na Marekani ambao starehe yao ni kunasa redio za ng'ambo, kisha kuiandikia stesheni wapate kadi ya uthibitisho. Walikuwa na majarida yao. Moja la Marekani, Monitoring Times, lilitoa toleo la mwisho Desemba 2013. Mwezi uliofuata likaanza The Spectrum Monitor, ambalo hutoka kwa njia ya kidijitali tu.

Wapo walioomboleza kuondoka kwa jarida la karatasi. Mimi sikulia sana. Ratiba za masafa mafupi hubadilika mara mbili kwa mwaka, Machi na Oktoba. Jarida la posta kutoka Marekani lingemfikia msomaji wa Nengo stesheni ikiwa imeshahama masafa. Faili hufika kabla chai haijapoa.

Ila la karatasi halikudai bando wala chaji. Jirani aliliazima, akakaa nalo wiki tatu (majirani ndivyo walivyo), na liliporudi lilikuwa na maandishi ya kalamu pembeni: saa, masafa, na neno moja, "inasikika".