Muuguzi Kabla ya Ukuta: Nani Apime Mahitaji ya Zahanati Baada ya Maafa?



Sitawachosha kwa historia. Mnajua kwamba Rungwe na Kyejo ni volkano, na kwamba tetemeko la Rukwa la 1910 ni miongoni mwa makubwa kabisa yaliyorekodiwa Afrika katika karne ile. Masika ya huku Rungwe na Busokelo hamhitaji kufundishwa. Kilichonileta ni hoja ninayoisikia kila penye warsha ya maafa: eti mtoa huduma aliyekumbwa na janga hafai kupima mahitaji yake mwenyewe, kwa sababu atatia chumvi. Atumwe mgeni mwenye fomu.

Nianze na chumvi hiyo. Kila zahanati ina vitabu vya MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya: namba 5 cha wagonjwa wa nje, namba 12 cha wanaojifungua, na leja ya dawa. Nimevisoma kwa mapenzi ambayo wenzangu huyacheka. Mwandiko hubadilika zamu inapobadilika. Siku ya gulio safu zinabaki wazi kwa kuwa foleni ni ndefu. Soma mwaka mzima, utajua wanawake wangapi hujifungua hapo kwa mwezi, na malaria hupanda lini. Muuguzi akiomba vifaa mara tatu ya hesabu hiyo, kitabu kitamuumbua kabla mgeni hajafungua mlango wa gari. Na mgeni asiyekisoma ataona kitanda kimoja kimevunjika, ataandika kitanda kimoja.

Hoja ina ubovu mkubwa zaidi: inadhani mahitaji ni vitu. Bukoba ilipotikisika tarehe 10 Septemba 2016, kwa kipimo cha 5.9, picha zilizobaki vichwani mwetu ni kuta za shule za Ihungo na Nyakato. Tope liliposhuka mjini Katesh mwezi Desemba 2023, na Itezi, Mbeya, mwezi Aprili 2024, tulihesabu nyumba. Ukuta ukipasuka kila apitaye anauona. Mtumishi aliyepasuka haonekani.

Niliwahi kufuatana na timu ya tathmini hadi zahanati moja ya bondeni baada ya mafuriko. Fomu iliuliza paa, milango, jokofu la chanjo. Muuguzi, aliyekuwa peke yake, alijibu yote. Tukiwa tunaondoka nikamuuliza analala wapi.

“Humu humu, mwalimu, chumba cha wazazi. Kwangu kumejaa tope. Watoto nimewapeleka kwa dada yangu.”

Kwenye fomu alikuwa ameshaandikwa: mtumishi 1, yupo.

Niwape wapinzani haki yao. Ufa wa jengo unamhitaji mhandisi. Anayezunguka vijiji kumi huweza kulinganisha shida, na si uungwana kumbebesha mfiwa makaratasi. Yote nayakubali, na bado sijasogea. Mhandisi atajua kama ukuta utasimama. Hatajua kama kesho asubuhi kutakuwa na mtu wa kumpokea mama mwenye uchungu.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa Na. 6 ya 2022 imeweka kamati hadi kijijini. Basi kila mganga mfawidhi aandike ukurasa mmoja kabla ya masika, nakala ikae kwenye kamati ya kijiji na nyingine kwa Mganga Mkuu wa Wilaya: watumishi wanaishi wapi na wanalea nani, dawa za mwezi ni kiasi gani, maji yanatoka wapi, nani wa kushika zamu mwenye zamu akifiwa, na barabara ya Uyole ikikatika, dawa za Bohari ya Dawa zikakwama Mbeya, mgonjwa apelekwe hospitali ya Makandana, Igogwe au Itete, kwa njia ipi.

Janga likija, muuguzi hatahitaji kujieleza akiwa amelowa. Atasema tu kipi kimebadilika kwenye ukurasa wake. Mgeni mwenye fomu akaribishwe, ila aanze kwa kuusoma.