KIBODI NA KIPANYA VINAPOKATAA KAZI WAKATI WA KUIOKOA KOMPYUTA

Matini ya mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wananchi



Mazungumzo haya yanahusu hitilafu ambayo kwa sura ni ndogo, lakini imekwisha kuwapotezea watu kazi ya miaka. Ni ile ya kompyuta iliyoshindwa kuwaka ikafungua yenyewe ukurasa wa uokozi, kisha kibodi ikabonyezwa isijibu, na kipanya kikasukumwa mshale usitikisike.

Mfano umechukuliwa Nangwa, kata ya Wilaya ya Hanang, Mkoa wa Manyara, Tanzania Bara. Umechukuliwa huko kwa makusudi. Mtumishi wa Nangwa hana fundi mlango wa pili. Mashine ikigoma hutazama Katesh, makao makuu ya wilaya, au Babati, makao makuu ya mkoa. Mwenzake wa Tumbatu au Kojani yumo katika hali hiyo hiyo, isipokuwa yeye husubiri chombo cha baharini badala ya basi. Kwa watu kama hao, hatua ya kwanza ikikosewa, kosa hulipwa kwa nauli na kwa siku.

Na tuchukulie karani wa shule katika kata hiyo, siku moja kabla ya kupeleka orodha ya watahiniwa. Usiku umeme ulikatika mashine ikiwa katikati ya kupokea sasisho. Asubuhi anawasha, anakuta kioo cha buluu chenye machaguo kadhaa: endelea, tatua tatizo, zima. Anabonyeza, kimya. Anaazima kibodi ya ofisi jirani, nayo kimya. Hapo hutokea mshauri, na hakosekani popote, anayesema: "Piga Windows upya." Ikipigwa upya kwa pupa, mashine itawaka kweli, lakini alama za wanafunzi, barua na orodha zilizokuwa ndani ya diski zitakuwa zimekwenda. Yaliyokwisha kutumwa katika mifumo ya pamoja ya Serikali hayapotei pamoja na mashine. Yanayopotea ni yale yaliyokuwa yakingoja kutumwa.

Ifahamike kwamba hali ya uokozi si Windows ile ya kila siku. Ni mfumo mdogo uliowekwa pembeni, mfano wa mashua ndogo inayobebwa na meli kubwa. Mashua hiyo ina makasia yake yenyewe: ina draiva zake chache, yaani programu zinazoiwezesha mashine kuitambua kibodi, kipanya na diski. Kwa hiyo yawezekana kibodi ifanye kazi vizuri katika Windows ya kawaida, kisha iwe bubu katika uokozi, na isiwe na ubovu wowote.

Jambo hili limekwisha kutokea kwa wingi. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilitoa sasisho la kila mwezi la Windows 11, lenye namba KB5066835. Baada ya kuliingiza, watumiaji wa matoleo ya 24H2 na 25H2 waliona kwamba kibodi na vipanya vya waya ya USB vilikuwa vizima katika kazi za kawaida, lakini ndani ya uokozi havikusikia. Kampuni ilikiri kosa hilo, na tarehe 20 Oktoba 2025 ikatoa sasisho la dharura, namba KB5070773, la kulirekebisha. Siku sita ni chache kwa ofisi yenye intaneti ya uhakika. Kwa mashine inayounganishwa na mtandao mara moja kwa mwezi, au iliyofungiwa kabatini tangu wakati ule, kosa laweza kuwa lingalimo. Dawa yake ni kuiunganisha na kuiachia ipokee masasisho yote wakati bado inawaka, si siku itakapogoma.

Uzito wa kukosa kibodi katika uokozi ulionekana pia mwaka mmoja kabla, kwa sababu nyingine. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho bovu la kampuni ya ulinzi wa kompyuta ya CrowdStrike liliangusha mashine za Windows zinazokadiriwa kuwa milioni 8.5 duniani. Viwanja vya ndege, benki na hospitali vilikwama. Nyingi ya mashine hizo zilihitaji fundi aketi mbele ya kila moja, aingie katika uokozi na kulifuta faili lenye kosa kwa mkono. Fikirini kazi hiyo ingefanywaje kama kibodi nazo zingekuwa bubu.

Basi karani wetu afanye nini? Kwanza, asinunue kitu. Aizime mashine, aiwashe, na papo hapo abonyeze kwa kurudia kitufe cha kuingilia katika mipangilio ya awali ya mashine, ambayo mafundi huiita bayosi. Kitufe hicho ni F2, F10, Delete au Esc, kwa kutegemea mtengenezaji. Ukurasa huo hautegemei Windows hata kidogo. Kibodi ikisikia humo, basi ni nzima, na mwenye kosa ni mfumo wa uokozi. Isiposikia humo pia, ndipo itazamwe kibodi yenyewe, waya wake na tundu lake. Kipimo hiki huchukua dakika mbili, na hata mafundi wa kulipwa hukisahau.

Ikionekana kuwa kibodi ni nzima, achomoe vikorokoro vyote vya ziada: printa, flashi, na kigawanyio cha matundu. Achomeke kibodi moja ya waya katika mwili wa mashine, na kama yapo matundu meusi ya zamani pamoja na ya buluu, aanze na meusi. Kibodi na vipanya vya Bluetooth asivitegemee katika uokozi. Kompyuta ya mezani ya zamani huenda ina matundu ya mviringo nyuma, la zambarau kwa kibodi na la kijani kwa kipanya. Vifaa vya aina hiyo ndivyo vilivyoendelea kufanya kazi wakati wa kosa la Oktoba 2025, na kumbe ofisi nyingi zilikuwa zimekwisha kuvitupa! Lakini vichomekwe mashine ikiwa imezimwa. Kwenye kompyuta mpakato ijaribiwe kibodi yake ya ndani, kwani mara nyingi haipiti njia ya USB. Mashine yenye kioo cha kugusa yaweza kuamrishwa kwa kidole.

Kipanya peke yake kikigoma, hapana haja ya kuhangaika. Kitufe cha Tab, vile vya mishale na Enter vyatosha kufika kila mahali katika ukurasa wa uokozi.

Njia hizo zote zikishindikana, hubaki flashi ya uokozi, iliyotengenezwa kabla ya shari au kwa kompyuta nyingine iliyo nzima. Mashine huwashwa kwa flashi hiyo, ikatumia draiva za humo badala ya zile zilizoharibika. Hapa ndipo penye hatari. Flashi ya kusakinisha Windows huonyesha njia mbili: kutengeneza kompyuta na kusakinisha upya. Karani achague kutengeneza. Kusakinisha asikuguse mpaka mafaili yawe yamenakiliwa kwingine. Na flashi itakayotumika kutengenezea zana hiyo ijulikane kuwa hufutwa yote kwanza. Isichukuliwe ile yenye nyaraka za ofisi.

Kuna kizuizi kimoja zaidi ambacho wengi hukutana nacho wakiwa wamekwisha kufurahi. Mashine nyingi za Windows 11 hufunga diski kwa kufuli la BitLocker, na uokozi huweza kudai ufunguo wenye tarakimu 48. Mara nyingi ufunguo huo umehifadhiwa katika akaunti iliyotumika siku ya kuiandaa mashine. Kama akaunti hiyo ilikuwa ya mtumishi aliyehamishwa, ofisi imefungiwa nje ya nyumba yake. Kwa hiyo ufunguo uandikwe, utiwe bahasha, na ukabidhiwe mkuu wa ofisi pamoja na funguo nyingine.

Nakala za nyaraka nazo zisikae chumba kimoja na mashine. Watu wa Hanang hawahitaji kuelezwa hili. Tarehe 3 Desemba 2023 matope na mawe yalishuka kutoka Mlima Hanang yakafukia sehemu za mji wa Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakafariki. Mbele ya msiba wa namna hiyo karatasi si kitu, lakini waliobaki huhitaji vyeti na kumbukumbu zao ili waanze tena.

Wakuu wa ofisi wanaombwa, wiki hii, kuchagua mashine moja iliyo nzima, kuhakikisha kwanza kuwa ufunguo wake wa tarakimu 48 unajulikana, kisha kuiingiza kwa hiari katika hali ya uokozi. Hilo hufanywa kwa kushikilia kitufe cha Shift wakati wa kuchagua kuiwasha upya. Ijaribiwe kibodi, kijaribiwe kipanya, kisha lichaguliwe neno la kuendelea, na mashine itarudi kazini kama ilivyokuwa.